Shoka Ndani ya Ubawa

Sikiliza, wewe wa rika langu, uliyechungishwa mbuzi kabla hujajua kusoma saa. Nataka nikueleze kwa nini nilicheka peke yangu ndani ya saluni. Ilikuwa Mtwapa, juzijuzi tu. Msichana alikuwa amenishika vidole, akafungua kichupa cha dawa ya kufutia rangi ya kucha, na papo hapo akanijia nzi. Sikumwona kwa macho. Alikuja na harufu. Msichana akaniuliza kama ananiumiza. Nikamwambia la, ila dawa yake inanukia mtego wa mbung'o. Alinitazama kwa huruma, akaendelea na kazi yake. Sikumlaumu. Hadithi hii haielezeki upesi, na wewe angalau umekaa.

Kwetu ni Jilore, upande ule ambao mashamba ya mahindi na mihogo hukomea na msitu ukaanza. Baba na mama walikuwa na kazi Malindi, wakija mwisho wa mwezi na mkate wa dukani, na mimi nililelewa na Hawe, maana ndivyo tunavyomwita bibi. Tulikuwa wawili nyumbani, na wa tatu alikuwa Nyange, ng'ombe mweupe aliyekuja na mahari ya Shangazi Dama. Shangazi mwenyewe aliolewa akahamia Mtwapa, lakini Nyange alibaki. Hawe alipokamua, mimi nilimshika ndama asimsumbue mamaye. Hiyo ilikuwa kazi yangu duniani na niliiona kubwa. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa chai yetu, uji wetu, na samli ya Hawe aliyoifunika kwa kitambaa na kuniwekea adhabu nikiichungulia.

Asubuhi moja, nikimpeleka Nyange malishoni, nilikuta kitu kimesimamishwa pembeni mwa msitu. Ilikuwa nguzo nyembamba iliyopakwa girisi, na juu yake vitambaa vya buluu na vyeusi vimeshonwa vikawa kama kibanda kidogo kisicho na sakafu. Juu ya vitambaa kulikuwa na chandarua cheupe kilichochongoka kama kofia, na kileleni chupa ya plastiki imefungwa kichwa chini. Chupa nyingine zilikuwa zimefukiwa nusu mchangani. Upepo ulipogeuka nilipata harufu mbili. Ya kwanza niliijua: mkojo wa ng'ombe uliolala siku nyingi. Ya pili niliijua vilevile, na hiyo ndiyo iliyonipoteza. Ilikuwa harufu ya Shangazi Dama. Kila alipokuja kututembelea alikaa mkekani nyuma ya nyumba, na pamba na kichupa chake, akafuta wekundu wa kucha ili apake mwingine, na mimi nikakaa karibu naye nikivuta pumzi mpaka kichwa kizunguke.

Sasa nifuate polepole, maana hesabu ya mtoto ina njia yake. Kwetu kitambaa hakifungwi porini bila sababu. Nilikuwa nimeviona vitambaa vilivyofungwa kwenye miti iliyochongwa kwa ajili ya koma, yaani wazee wetu waliotutangulia, na nilijua kuwa mahali kama hapo mtoto hagusi kitu wala hachezi. Hapa palikuwa na kitambaa, tena cheusi na cha buluu nzito kama kaniki. Basi palikuwa na koma. Alinuka kama Shangazi, basi alikuwa mwanamke. Alipaka rangi kucha, basi hakuwa wa zamani sana. Na kwa kuwa palinuka mkojo wa ng'ombe, alikuwa mfugaji kama sisi. Niliona nimepata koma wa maana kabisa. Tangu siku hiyo kila nilipopita nilimwamkia, na nikamwekea unga kidogo chini ya nguzo, kama nilivyomwona Hawe akifanya anapozungumza na wazee wake. Hawe alizungumza nao kama majirani walioazimana mwiko. Na mimi nikajitahidi nisiwe na sauti ya kuomba sana.

Lakini nilikuwa na jambo la kuomba. Nyange alikuwa anakonda. Manyoya yalimsimama kama paka aliyenyeshewa, macho yakamtoka machozi, na alikuwa akibaki nyuma njiani, yeye ambaye zamani ndiye aliyenivuta mimi. Maziwa yalipungua mpaka ndama akawa analia. Baba mdogo Karisa, aliyekaa ng'ambo ya mto, alikuja akamzunguka, akampapasa tezi za shingoni, akasema ni mbung'o. Alikuwa amepoteza ng'ombe wake kwa ugonjwa huo, tena mmoja baada ya mwingine, na kwake neno mbung'o lilikuwa sawa na neno kaburi. Akamwambia Hawe kuwa atarudi na kamba, ampeleke Nyange kwa mchinjaji Malindi angali na nyama.

Hawe alikataa kabisa. Wale nzi, alisema, ni pange tu, wale wanaouma bila kuua, na pange amezaliwa akawakuta. Ng'ombe amekosa majani mazuri, basi. Na asije mtu na sindano, kwa sababu aliwahi kuona mbuzi wa jirani akidungwa asubuhi na kuzikwa jioni. Kwa hiyo Baba mdogo alikuwa na jina bila matumaini, na Hawe alikuwa na matumaini bila jina. Mimi, kama mtoto yeyote, nilikuwa upande wa yule aliyetaka ng'ombe abaki. Kila nzi aliyetua mgongoni mwa Nyange, mkubwa kwa mdogo, nilimwita pange. Nilimwita hivyo kwa sauti, ili na yeye asikie.

Baba mdogo alipokuwa karibu kurudi, nilibeba unga wa kujaza kiganja badala ya ule wa ncha za vidole. Nikachuchumaa mbele ya kitambaa, nikaumimina, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," koma akaitika.

Sikukimbia. Usidhani ni ushujaa. Shida ndiyo iliyonishika. Nikabaki nimechuchumaa nikingoja aniambie ombi langu limefika wapi. Badala yake nikasikia kikohozi, kisha nyuma ya kitambaa cha buluu likainuka buibui, na chini ya buibui gambuti za kijani zenye tope. Mwanamke alikuwa na chupa mkononi. Nilimtazama kucha. Hazikuwa na rangi, lakini zilikuwa na hina iliyokolea, nami nikaona sikukosea sana.

"Kumbe ni wewe unayeniletea unga," alisema. "Mimi nilidhani nina mchumba."

Nilikubali kwa kichwa.

"Basi ujue hukunilisha mimi. Umewalisha sisimizi. Njoo uone walivyonifanyia."

Alikuwa Bi Zuhura, mtu wa Mambrui, aliyefanya kazi ya mifugo na kutega mbung'o kandokando ya msitu wetu. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kimenyooka, na alinieleza kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake wa kazi. Nzi wa namna hii, alisema, humtafuta ng'ombe kwa pua, na akikaribia hutafuta kwa macho. Chupa zile za chini zinamdanganya pua. Buluu inamwita kutoka mbali, nyeusi inamtuliza atue, na akitaka kuondoka hufuata mwanga, akapanda ndani ya chandarua mpaka chupa ya juu, asirudi tena. Nikakusanya ujasiri nikamuuliza kuhusu harufu ya Shangazi Dama. Nilipomweleza habari ya kucha, Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini na buibui lake jeusi likajaa vumbi. Akafuta macho, akaniambia kuwa nina pua nzuri. Dawa aliyoitia kwenye chupa ni ileile ya kufutia kucha, na pumzi ya ng'ombe nayo ina harufu hiyo, ila chembe ndogo mno ambayo pua zetu haziifikii na pua ya nzi inaifikia.

Kisha akanionyesha hasara. Girisi aliipaka nguzoni ili sisimizi wasipande, lakini unga wangu uliwaita wengi mno, wakavumbua njia kwenye jani refu lililoegemea kitambaa, wakaingia chupani. Kila alipokuja alikuta makapi: miguu, vichwa vilivyovunjika, na mbawa nyingi. Alikuwa karibu kuung'oa mtego ule na kuupeleka kwingine, kwa sababu hakukuwa na nzi mzima wa kumwonyesha mtu yeyote.

"Ila sisimizi hawali mbawa," alisema, akaumimina mzigo wote juu ya kifuniko cheupe cha kopo. "Nao hawajui kuwa wametuachia kilicho bora."

Akatoa kioo cha kukuzia kilichofungwa uzi, akaniwekea jichoni. Nikuambie nilichokiona, maana mpaka leo nikifumba macho nakiona. Ubawa wa nzi, ambao kwa mbali ni kama ganda la kitunguu, ulikuwa shamba. Mishipa myembamba ya hudhurungi ilipita kama mipaka, na kati ya mipaka kulikuwa na vijumba, kimoja kirefu, kingine kama yai, kingine kimebanwa pembeni. Bi Zuhura akanifundisha kwa utaratibu. Nzi ni ukoo mkubwa, alisema, na watu humwita kila mmoja kwa jina la yule wanayemzoea. Usianze na ukubwa, kwa kuwa kuna mbung'o mdogo kuliko nzi wa jikoni na kuna mkubwa kama nyuki. Usianze na rangi, maana wote ni kahawia au kijivu wakiwa na vumbi. Usianze na kuuma, kwa sababu pange anauma, chafuo wa zizini anauma, na mbung'o anauma. Ukimpata mzima, tazama mdomo: mbung'o ana mrija ulionyooka mbele ya kichwa kama sindano ya kushonea magunia. Lakini chafuo naye ana mrija kama huo, kwa hiyo usitosheke. Tazama pembe ndogo za usoni: mbung'o ana unywele wenye vinywele vingine juu yake, navyo vimegawanyika kama unyoya. Na ukikosa vyote hivyo, ukabakiwa na ubawa peke yake, tafuta shoka.

"Shoka gani?" niliuliza.

Katikati ya ubawa wa mbung'o, akasema, kuna kijumba kimoja chenye umbo la shoka la kupasulia kuni, mpini huku na bapa kule. Hakuna nzi mwingine mwenye nalo. Wawe wa msitu mnene au wa vichaka, wawe wadogo wekundu au wakubwa wanaoruka jua likizama, mbung'o wote wana shoka, na asiye nalo si wao. Pange ana vijumba vingi na vipana, nzi wa kawaida ana mistari inayojipinda, lakini shoka hawana. Akanipa kijiti, akaniambia nigawe mbawa zile mafungu mawili.

Fungu la wasio na shoka nililianza kwa furaha. Nikaweka ubawa, nikaweka na wa pili. Wa tatu nikautazama muda mrefu. Nikaugeuza. Nikauweka fungu lilelile.

"Hebu urudie huo," alisema Bi Zuhura.

Nikamwambia ni pange.

"Mwanangu, usiniambie unachokitaka. Niambie unachokiona."

Nikainua kioo tena. Mpini ulikuwa pale. Bapa lilikuwa pale. Lilikuwa shoka safi kama lile lililoegemezwa jikoni kwa Hawe, na nilikuwa nimeliona tangu mara ya kwanza. Nikauhamisha ubawa ule fungu la pili, kisha ukafuata mwingine, na mwingine, mpaka fungu la mashoka likawa kubwa kuliko jingine, nami nikaanza kulia juu ya kifuniko cha watu. Bi Zuhura alinisogeza kando ili nisilowanishe kazi, akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza yote: Nyange, Baba mdogo, kamba, mchinjaji. Kama ni pange anabaki, kama ni mbung'o anakwenda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nimetembea nayo maisha yangu yote. "Nani amekwambia kuwa jina ni hukumu? Ugonjwa wa mbung'o una dawa. Asiyepata dawa ni yule ambaye watu wake wanasema ni pange."

Tulikwenda nyumbani pamoja. Hawe alikuwa anatwanga. Akasimamisha mchi, akaangalia gambuti, akaangalia buibui, akaangalia uso wangu uliojaa makamasi. Baada ya salamu na habari na maji ya kunywa, Bi Zuhura alieleza, na mimi nikamwonyesha ubawa. Hawe aliukodolea macho, akausogeza mbali, akausogeza karibu. Mwisho akasema macho yake hayaoni shoka wala jembe hapo, na kwamba yeye hatamtia ng'ombe sindano kwa ajili ya ganda la kitunguu.

"Nileteeni aliye hai," alisema. "Anayeuma aonekane akiuma."

Kwa hiyo tulikaa zizini, watu watatu tukimtazama ng'ombe mgongo. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda zaidi katika utoto wangu wote. Alikuja nzi wa kawaida, akatua mgongoni. Bi Zuhura akamwambia Hawe atazame anavyoziweka mbawa. Zilikuwa zimeachana kila moja upande wake, mwili ukionekana katikati. Akaja mwingine, akatua ubavuni, akatulia kimya. Huyu alilaza ubawa mmoja juu ya mwenziwe, sawasawa kabisa, kama mkasi uliofungwa, na mgongo wake wote ukafichika. Hawe alisogeza uso mpaka nikahofia ataumwa pua.

"Huyu amejifunga leso," alisema taratibu. "Yule wa kwanza leso yake imefunguka, huyu ameipishanisha akaibana." Akatafuta mwingine. "Na huyu naye amejifunga. Na huyu." Nilimwona akihesabu kimoyomoyo wale ambao miezi yote ile amekuwa akiwaita pange.

Hapo ndipo Baba mdogo Karisa alipoingia uani na kamba begani. Akatukuta tumeinama pamoja, hakuna aliyegeuka kumsalimia. Akasema shikamoo, akajibiwa bila kutazamwa. Akauliza kama mama yake, mtu na akili zake, amekaa mchana kutwa kutazama nzi.

"Keti," Hawe alimwambia. "Na usipunge mkono. Ukimfukuza huyu, nitakufukuza wewe."

Baba mdogo aliketi. Akaonyeshwa aliyejifunga leso na aliyeifungua. Akasema si aliwaambia kuwa ni mbung'o. Hawe akamjibu kuwa alisema mbung'o kama mtu anayesoma tangazo la kifo, na wala hakumwonyesha mtu nzi mwenyewe. Bi Zuhura aliwaacha wamalize. Kisha akaeleza kuwa atachukua tone la damu sikioni mwa Nyange kuthibitisha kabla ya kumdunga dawa, na wakati anachukua, Hawe ndiye aliyemshika ng'ombe kichwa, akimnong'oneza. Baba mdogo alisema atangoja hadi mwezi mwingine uandame, si zaidi. Alining'iniza kamba mlangoni pa zizi mahali ambapo kila mtu angeiona.

Jibu la damu lilikuwa lile tulilolijua. Sindano ilipoingia, Hawe alifumba macho na mimi nikafumba, na tulipoyafumbua Nyange alikuwa anatafuna. Nafuu ilianza kwa manyoya: yalilala. Kisha akaacha kubaki nyuma njiani. Kisha ndama akaacha kulia, na asubuhi moja nikavutwa tena mpaka nikapotelewa na ndara. Bi Zuhura aliuinua mtego, akakata majani yaliyouegemea, akapaka girisi upya. Kuhusu unga, Hawe alisema koma wapewe wao mahali pao, na mtego uachiwe nzi.

Baba mdogo alirudi mwezi ulipoandama. Hawe alimtilia chai, na kikombe kikawa cheupe kwa maziwa. Baba mdogo akanywa, akatazama chini, akaomba kingine, na alipoondoka aliifungua kamba mlangoni, akaikunja, akaenda nayo kwake. Jirani wa ng'ambo alituambia baadaye kuwa mchana ule Karisa alionekana zizini kwake, ameinama, akitazama mgongo wa mbuzi bila kupepesa.

Nilimsikia Hawe mara moja tu akilizungumzia jambo hilo. Alikuwa anakamua, nami nimemshika ndama. "Ningemwita pange mpaka akafa," alisema, si kwangu hasa, kwa ng'ombe. Kisha akaniambia niukaze mkono, ndama ananiponyoka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mnyama wako akianza kukonda bila sababu unayoijua, usikimbilie jina. Kaa karibu naye jua likiwa limepanda, mikono magotini, mpaka nzi atue na kutulia. Tazama kama mbawa zimeachana au zimepishana. Zikiwa zimepishana, mnase yule nzi bila kumponda, mtie kwenye kichupa kikavu, na siku hiyohiyo umpelekee afisa wa mifugo.